Mche wa Maabara Umefika Meru na Embu, Kitabu Chake Bado

Kwa muda wa miaka kumi hivi, vitabu kuhusu sayansi ya uhai vimeandikwa kwa wingi na kwa ustadi ambao msomaji wa kawaida hakuuzoea. Mwaka 2016 daktari Siddhartha Mukherjee alitoa The Gene, historia ndefu ya jeni, na mwaka 2022 akatoa The Song of the Cell, kuhusu seli. Jennifer Doudna na Samuel Sternberg walieleza mwaka 2017, katika A Crack in Creation, jinsi chombo kiitwacho CRISPR kinavyokata na kurekebisha DNA mahali palipochaguliwa. Miaka mitatu baadaye Doudna na Emmanuelle Charpentier wakatunukiwa Nobeli ya kemia, na mwaka 2021 Walter Isaacson akayasimulia maisha ya Doudna katika The Code Breaker. Mustafa Suleyman, mmoja wa waasisi wa kampuni ya DeepMind, aliandika The Coming Wave mwaka 2023 kutahadharisha kwamba kompyuta zinazojifunza zenyewe na bayoteknolojia zinakuja pamoja. Mwaka uliofuata wanasayansi wawili wa kampuni hiyo, Demis Hassabis na John Jumper, waligawana Nobeli ya kemia na David Baker kwa kazi ya protini iliyofanywa kwa kompyuta. Ni vitabu vizuri, na mwenye uwezo wa kuvipata avisome. Hata hivyo kilele cha masimulizi yake kiko maabara. Yanayofuata baada ya ugunduzi kutoka pale na kuingia katika shamba la nusu ekari hayapewi kurasa nyingi.

Mkulima wa Nkubu au Igoji huko Meru, au wa Runyenjes au Manyatta huko Embu, ana haki ya kuuliza habari ya kurasa hizo zilizokosekana, kwa sababu sayansi hii imekuwa shambani kwake tangu mwisho wa miaka ya 1990. Ilifika kwa umbo la mche wa mgomba. Haikuanza kwa CRISPR wala kwa kompyuta. Ilianza kwa njia ya kale zaidi ambayo watu wengi huiita tishu kalcha. Wataalamu huchagua mgomba mama wenye afya, huchukua chipukizi lake, hulimenya hadi kubaki kiini kidogo cha ukuaji, hukisafisha kwa dawa na kukitia ndani ya chupa yenye virutubisho na homoni za mimea. Kiini hicho huchipua, machipukizi hutenganishwa, kila moja huzalisha mengine, kisha hupewa mizizi na kuhamishiwa katika kitalu ili yazoee jua na upepo. Jeni haikuongezwa wala kuondolewa. Faida yake ni usafi na wingi: mche hutoka bila fukusi, bila minyoo ya mizizi na bila vimelea vya mnyauko, na chipukizi moja linaweza kuzaa mamia ya miche inayokua kwa mpigo mmoja.

Usafi huo ulihitajika. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukipanga mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya wakaanza kuitegemea ndizi kwa pesa za matumizi ya nyumbani. Lakini ndizi hupandwa kwa machipukizi yanayopewana majirani na ndugu, na chipukizi likitoka katika shamba lenye ugonjwa huja na ugonjwa wake. Fukusi hutaga katika tunguu, nao mnyauko uitwao ugonjwa wa Panama husafiri na udongo ulioshika mizizi. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ambayo sasa ni sehemu ya KALRO, ilishirikiana na shirika la ISAAA kuleta miche ya maabara kwa wakulima wadogo, fedha zikitoka kwa wafadhili kama Rockefeller Foundation. Mtaalamu wa uchumi wa kilimo, Matin Qaim, aliandika tathmini mwaka 1999 akikisia kwamba mavuno yangeongezeka sana na kwamba mkulima mdogo angefaidika kwa kiwango kikubwa kuliko mwenye shamba kubwa.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, Qaim huyo huyo, pamoja na Nassul Kabunga na Thomas Dubois, alirudi kuangalia yaliyotokea. Walikusanya takwimu kutoka kwa wakulima wa ndizi wa mikoa iliyokuwa ya Kati na Mashariki, Meru na Embu zikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Ukiwalinganisha moja kwa moja waliopanda miche ya maabara na wasioipanda, tofauti ya mavuno haikuonekana. Watafiti walipochunguza zaidi waligundua kwamba waliokuwa na mavuno duni tangu mwanzo ndio walioikimbilia teknolojia hiyo, na baada ya kusahihisha kasoro hiyo ya ulinganisho, faida halisi ikawa asilimia 7. Hesabu zao zilionyesha pia kwamba mkulima akipata maji ya kumwagilia, faida inaweza kupita asilimia 20. Nathamini sana uaminifu wa kazi hii. Mtu aliyekisia makubwa alikubali kwenda kupima, na kipimo kilipompa kadogo, alikitangaza. Tena alituonyesha pengo lilipo: mche uliong'ara katika mashamba ya majaribio ulipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ulipofika kwa mwananchi.

Kwa nini ulipoteza? Utafiti wa pili wa watu hao hao, uliotoka mwaka huo huo, unatupa sehemu kubwa ya jibu. Walitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kuwahi kusikia kuhusu teknolojia na kuzielewa tabia zake. Waliosikia walikuwa wengi. Waliojua mche huu unadai nini walikuwa wachache, na pengo hilo lilibadilisha kabisa picha ya nani angeutumia na nani asingeutumia. Mche wa maabara umetoka kwenye chupa, hauna tunguu kubwa lililohifadhi chakula kama chipukizi la kawaida, kwa hiyo miezi yake ya kwanza ni ya hatari. Unataka shimo kubwa, samadi ya kutosha, maji ya uhakika na palizi ya mapema. Unataka kupandwa mbali na migomba mizee iliyojaa fukusi, la sivyo usafi wake unaisha kabla ya mkungu wa kwanza. Unataka machipukizi yapunguzwe, wabaki mama, binti na mjukuu. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba mche safi si mche sugu. Ndizi ambayo wengi huiita Kampala, yaani Gros Michel, hushindwa na ugonjwa wa Panama. Hata izaliwe katika maabara bora duniani, ukiipanda penye udongo wenye vimelea hivyo itanyauka. Mche wa maabara ni kama mtoto aliyelelewa katika chumba safi: hana ugonjwa, lakini hajapewa kinga ya magonjwa ya nje.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kuihesabu teknolojia kwa kitu kinachoshikika, mche au mbegu au simu, na maelezo tukayafanya nyongeza inayotolewa ikiwa fedha zimebaki. Ushahidi wa migomba ya Meru na Embu unasema maelezo ni sehemu ya teknolojia yenyewe. Anayemuuzia mkulima mche bila kumfundisha masharti yake amemuuzia nusu ya bidhaa kwa bei ya nzima. Na maelezo ninayoyazungumzia hayatoshi kuwa karatasi ya rangi yenye picha ya mkulima anayetabasamu. Lazima yaeleze jinsi kitu kinavyofanya kazi, yakiri mipaka yake na yamwezeshe msomaji kuamua. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na kitabu.

Vitabu vya namna hiyo kuhusu Afrika vipo, na vingine vimeandikwa na Wakenya wenyewe. Calestous Juma, mzaliwa wa Budalang'i aliyefundisha Harvard hadi kifo chake mwaka 2017, aliandika The Gene Hunters mwaka 1989, wakati wengi wetu hatujalisikia neno bayoteknolojia, akionyesha jinsi mataifa yanavyogombania mbegu. Baadaye akaandika The New Harvest na, mwaka 2016, Innovation and Its Enemies, kuhusu kwa nini watu huzikataa teknolojia mpya. Florence Wambugu, aliyeongoza juhudi za kuleta miche ya ndizi za maabara, alitoa Modifying Africa mwaka 2001, akitetea bayoteknolojia kuwa njia ya kumwondoa maskini kwenye njaa. Matthew Schnurr, Mkanada, alijibu upande wa pili mwaka 2019 katika Africa's Gene Revolution, akidai kwamba mazao yaliyobadilishwa jeni mara nyingi hubuniwa bila kuyaelewa mazingira ya mkulima mdogo, na miongoni mwa mifano yake ni matoke ya Uganda. Mjadala huu ni wa maana sana. Historia yenyewe imewasuta watetezi na wapinzani kwa zamu: viazi vitamu vilivyobadilishwa jeni ili kukinza virusi, ambavyo vilisifiwa sana, havikuonyesha ukinzani uliotarajiwa katika majaribio ya KARI yaliyoripotiwa mwaka 2004, lakini miche ya ndizi iliyodhaniwa na wengine kuwa anasa imedumu na inaendelea kununuliwa. Ila mjadala wote huo umeandikwa kwa Kiingereza, sehemu kubwa na wachapishaji wa ng'ambo, na mtu anayezungumziwa ndani yake hana kiti mezani.

Madhara ya kumwacha nje yalionekana wazi katika suala la mazao yaliyobadilishwa jeni, yaani GMO. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, muda mfupi baada ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililoutoa utafiti huo likaufuta, kwa kuwa matokeo yake hayakutosha kuthibitisha hitimisho. Marufuku yakabaki karibu miaka 10, hadi serikali ilipoyaondoa Oktoba 2022. Kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusitisha hatua hiyo kwa muda. Katika miaka yote hiyo mwananchi alipewa hofu na upande mmoja na ahadi na upande mwingine, na ni wachache waliomweleza jeni ni kitu gani. Si ajabu wapo wanaodhani ndizi ya maabara ni GMO, na wanaodhani GMO ni dawa inayopuliziwa. Mtu asiyeelezwa hawezi kukataa kwa sababu wala kukubali kwa sababu; hufuata sauti iliyo kubwa zaidi.

Na mambo yanazidi kuwa ya kina. Jijini Nairobi, watafiti wa taasisi ya IITA wakiongozwa na Leena Tripathi walichapisha mwaka 2019 kazi ya kutumia CRISPR katika ndizi za kupika aina ya Gonja Manjaya. Baadhi ya migomba hubeba ndani ya kromosomu zake vipande vya virusi vya michirizi, vilivyolala tangu zamani. Mgomba ukipata taabu, kwa ukame au hata kwa mchakato wenyewe wa kuzalishwa kwenye chupa, virusi hivyo vinaweza kuamka na kuufanya uugue. Watafiti walivikata virusi hivyo ndani ya DNA ya mgomba ili visiweze kuamka. Tazama uzito wa jambo hili kwa mkulima: teknolojia ya kwanza, iliyomletea mche safi, inaweza kwa aina fulani za ndizi kuamsha ugonjwa uliofichika, na teknolojia ya pili inakuja kuurekebisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwaka 2022 mwongozo wa namna ya kuyashughulikia mazao ya uhariri wa jeni. Siku ndizi kama hizo zitakapoletwa Imenti au Embu, mkulima atatakiwa aseme ndiyo au la. Kwa maelezo aliyonayo leo, jibu lolote atakalotoa litakuwa la kubahatisha.

Kompyuta zimeonyesha kwamba pengo hili linazibika. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani, hata mahali pasipo intaneti, na ilifunzwa kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania. Nyingine, Tumaini, iliyotolewa mwaka 2019, inatambua magonjwa makubwa ya mgomba pamoja na dalili za fukusi. Hizi si majina ya Kiswahili tu. Ni dalili kwamba watu wenye elimu ya juu wanaweza kumfikiria mkulima wakati wa kubuni, si baada yake. Lakini simu hujibu swali lililoulizwa. Itakuambia mgomba huu una mnyauko. Uamuzi wa kung'oa shina zima, kutopanda ndizi za jamii ile pale tena, kuosha jembe kabla ya kwenda shamba la pili, unatokana na kuelewa ugonjwa unavyosafiri. Jina la ugonjwa peke yake halimwokoi mtu.

Najua litakalosemwa kwanza: mkulima hasomi vitabu, mpelekee afisa wa kilimo na redio. Nakubaliana na nusu ya neno hilo. Kilimo kiligatuliwa, na huduma ya ugani sasa ni jukumu la kaunti. Maafisa ni wachache, na anayehudumia kata nzima hawezi kuingia kila boma. Redio za lugha za huku, kama Muuga kwa Kimeru na Wimwaro kwa Kiembu, zinasikika jikoni na shambani, na hakuna chombo kinachozizidi kwa kufika mbali. Lakini mtangazaji na afisa nao wanahitaji kitu cha kusomea. Kikikosekana, mtangazaji humwita muuzaji wa miche studio, na muuzaji huwaeleza wasikilizaji faida. Habari kwamba watu hawa hawasomi pia siiamini. Biblia ya Kimeru ni kitabu kirefu kuliko chochote ninachokipendekeza hapa, na inasomwa na wazee ambao hawajawahi kukanyaga chuo. Tena karibu kila nyumba ina mwanafunzi anayeweza kumsomea bibi yake kurasa mbili jioni.

Pingamizi la pili, kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hii, halina mashiko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya Kiswahili, kilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na wakulima wenyewe wana msamiati mpana wa mgomba kuliko mtaalamu yeyote wa maabara. Kilichokosekana ni mwandishi na mchapishaji wa kuthubutu.

La tatu ndilo zito, nami silipuuzi. Chipukizi la jirani ni la bure, mche wa maabara ni wa kununua. Na hesabu za watafiti zinasema maji ndiyo yanayoikuza faida. Kitabu hakichimbi mfereji. Mkulima wa Mbeere anayengoja mvua hatapata maji kwa kusoma. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ninataka asome. Mtu anayejua kwamba faida ya mche huu inategemea maji hatauza mbuzi ili anunue miche mia moja ya kukaukia juani. Atanunua michache na kuipanda anakoweza kuimwagilia, au atakataa kabisa na kusafisha machipukizi yake mwenyewe kwa kuyamenya tunguu na kuyatumbukiza katika maji ya moto kabla ya kuyapanda. Anaweza pia kwenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti na kudai mfereji kwanza, miche baadaye. Maarifa yanayomwezesha mtu kukataa kununua yana thamani sawa na yale yanayomshawishi anunue, na ni aina ya kwanza ambayo hakuna kampuni itakayoigharamia. Kwa hiyo lazima igharamiwe na umma.

Walio na uwezo wa kuifanya kazi hii wako karibu. Kituo cha KALRO kiko Embu. Chuo Kikuu cha Embu kipo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipo Nchiru, na Chuo Kikuu cha Chuka kiko katikati yao. Wana wahadhiri wanaoandika makala za majarida ya kimataifa kuhusu udongo, kahawa na ndizi za wilaya walizozaliwa, makala ambazo mama zao hawawezi kuzisoma. Kanuni za kupandishwa cheo zinawatuza kwa majarida hayo na haziwatuzi kwa kijitabu cha Kiswahili, Kimeru au Kiembu. Mabaraza ya vyuo yanaweza kuibadilisha kanuni hiyo bila kungoja mfadhili. Kaunti nazo, zinapogawa miche kwa fedha za umma, ziweke sharti kwamba hakuna mche utakaogawiwa bila maelezo yaliyoandikwa na mtu asiyeuza miche.

Nawe msomaji, kabla ya kutoa pesa zako kwenye kitalu, muulize muuzaji mambo manne: mche huu umetoka maabara gani, ni ndizi ya aina gani, aina hiyo hushindwa na ugonjwa upi, na utahitaji maji kiasi gani hadi ukomae. Asipoweza kukujibu, rudi nyumbani na pesa zako.